Dawa inayozuia ukarabati wa DNA inawezaje kutibu saratani?

Swali: Dada yangu anaishi Uingereza. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya ovari, akamaliza kemo, na sasa amepewa vidonge vya olaparib kwa sababu vipimo vimeonyesha ana hitilafu kwenye jeni ya BRCA1. Nimesoma kwamba vidonge hivyo huzuia kimeng'enya kinachokarabati DNA. Naogopa. Ikiwa aliugua kwa sababu DNA yake haikarabatiki vizuri, dawa ya kuzuia ukarabati zaidi si itamletea saratani nyingine? Na vile virutubisho vya "kukarabati DNA" vinavyouzwa mtandaoni, vitamsaidia? – Msomaji, Likoni, Mombasa

Jibu: Ndugu yangu wa Likoni, pole kwa kuuguliwa. Hofu yako ina mantiki, na sehemu yake moja ndogo ni ya kweli, nitaifikia. Lakini sehemu kubwa ya jibu ni hii: udhaifu uliouzaa uvimbe wa dadako ndio huohuo unaoufanya uvimbe ufe kwa dawa hii, na seli zake zenye afya hazina udhaifu huo kwa kiwango hicho. Dawa yenyewe haijui ipi ni seli ya saratani na ipi si ya saratani. Inafanya kazi ileile mwili mzima, ila inapoingia kwenye uvimbe inakuta seli ambazo hazina tena namna ya kujinusuru.

Tuanze na jinsi DNA inavyoharibika, maana wengi tunadhani inaharibiwa na moshi wa sigara, jua kali na kemikali tu. Hizo zinachangia, lakini uharibifu mwingi hutokea bila kosa la mtu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanakemia mzaliwa wa Sweden, Tomas Lindahl, alionyesha kwamba kwa joto la kawaida la mwili na maji yaliyomo ndani ya seli, DNA inajimomonyoa yenyewe. Kila seli moja hupoteza herufi zake, zile tunazoziita besi, kama 10,000 hivi kwa siku. Kwa hesabu hiyo, uhai usingewezekana kama kusingekuwa na kitu kinachorekebisha saa zote, na hapo ndipo Lindahl alipoanza kuvitafuta vimeng'enya vya ukarabati.

Tazama herufi moja tu. Besi iitwayo sitosini, yaani C, ikipambana na maji hupoteza kipande chake kidogo na kugeuka urasili, U. Urasili ni herufi ya RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, haina kazi kwenye DNA. Ikiachwa pale hadi seli igawanyike, itasomwa kana kwamba ni T, herufi nyingine ya DNA, na ujumbe wa jeni utakuwa umebadilika moja kwa moja. Kabla hayo hayajatokea, hupita kimeng'enya kimoja kikikagua uzi wa DNA. Kikikuta U huipindua nje ya uzi, kikaikata, na kuacha pengo. Cha pili, APE1, huukata uzi wenyewe penye pengo. Cha tatu, polimerasi beta, hujaza C mpya. Cha nne, ligasi, huunga uzi. Lindahl alikieleza kile kimeng'enya cha kwanza mwaka 1974, na mwaka 2015 yeye, Paul Modrich na Aziz Sancar walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kufumbua njia mbalimbali za ukarabati wa DNA.

Sasa angalia kilichotokea katikati ya kazi hiyo. Kwa muda mfupi, uzi mmoja wa DNA ulikuwa umekatwa huku mwenzake ukiwa mzima. Mikato ya namna hiyo hutokea kila wakati, na mlinzi wake mkuu ni kimeng'enya PARP1, ambacho ndicho kinacholengwa na vidonge vya dadako.

PARP1 huuona mkato na kuung'ang'ania. Kisha huchukua molekuli ya NAD+, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini B3, huivunja, na kuunganisha vipande vyake kimoja baada ya kingine hadi viwe mnyororo mrefu. Timu ya Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, ndiyo iliyoiona kazi hii kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mnyororo huo una faida mbili. Kwanza, huita protini nyingine za ukarabati zije haraka. Pili, umejaa chaji hasi, na DNA nayo ina chaji hasi, kwa hiyo unaporefuka humsukuma PARP1 aachie uzi na kuwapisha mafundi. Hili la kuachia ndilo la kushika.

Olaparib hukaa katika kishimo kilekile cha PARP1 ambamo NAD+ ilipaswa kuingia. Matokeo yake mnyororo hautengenezwi, na PARP1 inabaki imenata kwenye DNA. Kwa miaka mingi tulidhani ubaya wa dawa hizi kwa uvimbe ni kwamba mikato haizibwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ukaonyesha kwamba PARP1 iliyonata yenyewe ndiyo sumu kubwa zaidi. Seli inapotaka kugawanyika, mitambo yake ya kunakili DNA huja kasi juu ya uzi, ikakikuta kizuizi hicho, ikakwama na kuporomoka. Mkato mdogo wa uzi mmoja unageuka kuwa DNA iliyokatika nyuzi zote mbili.

DNA iliyokatika nyuzi zote mbili ni hatari kubwa, lakini seli yenye afya ina njia ya kuiunga bila kukosea. BRCA1 huandaa ncha zilizokatika, BRCA2 huleta protini iitwayo RAD51 na kuipanga juu ya ncha hizo, kisha ncha hizo hutafuta nakala pacha ya DNA iliyo karibu na kunakili kutoka kwake herufi kwa herufi. Nawe unajua kivuko chako: ferri ya Likoni ikisimama, mwenye gari huzunguka kwa Dongo Kundu, akachelewa lakini akafika. Kama barabara ya Dongo Kundu nayo imekatika, kusimama kwa ferri kunamaanisha kwamba havuki mtu. Olaparib inaisimamisha ferri mwili mzima. Seli za uvimbe wa dadako peke yake ndizo zilizokwisha kupoteza Dongo Kundu.

Nimesema za uvimbe peke yake, na hapa ndipo hofu yako inapojibiwa. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya BRCA1, moja ya baba na moja ya mama. Ikiwa dadako alirithi nakala moja mbovu, basi seli zake za moyo, ini, ngozi na utumbo bado zina ile nakala nzima ya pili, na nakala moja inatosha kuiendesha njia ya BRCA. Saratani ilianza pale seli moja ilipoipoteza hata ile ya pili. Kuanzia hapo kila seli iliyotokana na hiyo haina BRCA1 inayofanya kazi. Ilipata uhuru wa kubadilika ovyo na kukua, lakini iliununua kwa kupoteza kinga yake. Ukizuia PARP1, seli za kawaida huendelea kuishi kwa kutumia BRCA, na seli za uvimbe hujaribu kuunga DNA yao kwa njia za pupa zinazounganisha ncha zisizohusiana, kromosomu zinavurugika, na seli inakufa.

Wazo kwamba hasara mbili, ambazo kila moja inavumilika peke yake, zinaua zikikutana, ni la zamani. Wataalamu wa jenetiki walilijua kwa nzi wa matunda tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kulitumia kutibu saratani ndiko kulikochelewa. Mwaka 2005 timu mbili za Uingereza, moja ikiongozwa na Thomas Helleday huko Sheffield na nyingine na Alan Ashworth huko London, zilichapisha kwa wakati mmoja kwamba seli zisizo na BRCA hufa kwa vizuizi vya PARP, yaani dawa za kundi la olaparib, kwa dozi ambazo seli nyingine hazizijali. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya jaribio la kwanza la olaparib kwa wagonjwa 60, na waliofaidika zaidi walikuwa wenye hitilafu za BRCA. Desemba 2014 dawa ikaidhinishwa Marekani na Ulaya. Zikafuata nyingine za kundi hilo: rucaparib, niraparib na talazoparib.

Kwa mgonjwa kama dadako, yaani saratani ya ovari iliyogunduliwa ikiwa imeenea, yenye hitilafu ya BRCA, iliyoitika kemo ya mwanzo, jaribio muhimu linaitwa SOLO-1. Lilikuwa na wanawake 391. Miaka mitatu baada ya kuanza, kama 60 kati ya 100 waliotumia olaparib walikuwa hai bila ugonjwa kurudi au kuongezeka, wakati kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 27 kati ya 100. Baada ya miaka saba, asilimia 67 ya waliotumia olaparib walikuwa hai, dhidi ya asilimia 46.5 ya wenzao, ingawa kama asilimia 44 ya wenzao nao walikuja kupewa vizuizi vya PARP baadaye. Nimefuatilia dawa za saratani ya ovari kwa muda mrefu, na tofauti ya ukubwa huo katika ugonjwa huo ni nadra mno. Ndiyo maana sitaki hofu imfanye dadako aviache vidonge.

Sasa ile sehemu ya kweli. Ukizuia ukarabati mwili mzima, seli zinazogawanyika kwa kasi huumia, na mojawapo ya mahali seli hugawanyika kwa kasi sana ni uboho wa mifupa, kiwanda cha damu. Kwa hiyo upungufu wa damu ni wa kawaida, pamoja na kichefuchefu na uchovu. Na ndiyo, kuna hatari ndogo ya saratani ya damu au ugonjwa wa uboho unaoitangulia. Katika SOLO-1, hadi mwaka wa saba, iliwapata asilimia 1.5 ya waliotumia olaparib na asilimia 0.8 ya wasiotumia; kumbuka wote walikuwa wamepita kwenye kemo, ambayo nayo huumiza uboho. Wagonjwa ambao ugonjwa umerudi mara kadhaa na kupata kemo nyingi huwa na hatari kubwa kuliko hiyo. Kwa sababu hii dadako atapimwa damu kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, na kwa kawaida dawa hii husimamishwa baada ya miaka miwili ikiwa hakuna dalili ya ugonjwa. Damu ikishuka, madaktari husitisha dozi kwa muda au huipunguza. Asikose vipimo hivyo hata kama anajisikia mzima kabisa.

Kuhusu virutubisho, simshauri kabisa. Vingi vinavyouzwa kwa jina la kukarabati DNA ni vya kuongeza NAD+, na umeona kwamba NAD+ ndiyo inayogombania kishimo kimoja na dawa. Kumeza kitu kilichotengenezwa kuisaidia PARP huku unameza dawa ya kuizuia ni kuvuta kamba pande mbili. Pesa hizo zimnunulie chakula kizuri.

Kuna vitu vingine vya kuangalia, na hivi vinawahusu hasa ndugu wanaomtumia dawa kutoka nyumbani. Olaparib huvunjwavunjwa na ini kwa kimeng'enya kinachoshughulikia pia dawa nyingine nyingi. Rifampicin ya kifua kikuu hukichochea hicho kimeng'enya hadi olaparib inaisha mwilini kabla ya kufanya kazi. Efavirenz ya VVU nayo huipunguza. Kinyume chake, antibiotiki ya clarithromycin, dawa za fangasi kama itraconazole na fluconazole, na ritonavir ya VVU huifanya olaparib irundikane hadi imdhuru. Balungi pia hurundika dawa, kwa hiyo tunda hilo na juisi yake asiviguse. Dawa yoyote ya mitishamba, iwe ya kunywa au ya kuchemsha, amwonyeshe mfamasia wa hospitali kwanza. Na asishike mimba akiwa kwenye vidonge hivi.

Je, uvimbe unaweza kuizoea dawa? Unaweza, na namna unavyofanya inashangaza. Katika baadhi ya seli hutokea hitilafu ya pili ndani ya jeni hiyohiyo ya BRCA, ambayo kwa bahati inairudisha isomeke vizuri tena. Seli hiyo imepata tena njia yake ya kuponea, ikaendelea kuishi huku wenzake wakifa, na uvimbe mpya ukaota kutokana nayo. Jambo hili lilianza kuripotiwa mwaka 2008. Ndiyo sababu wakati wa kutumia dawa una uzito mkubwa. Mwaka 2022 kampuni zenyewe ziliondoa, huko Marekani, matumizi ya vidonge hivi kama tiba ya peke yake kwa saratani ya ovari iliyokwisha kupitia kemo nyingi, baada ya takwimu kuonyesha kwamba wagonjwa hao huenda waliishi muda mfupi kuliko waliopewa kemo. Dawa ileile inayomsaidia sana dadako sasa, mwanzoni, inaweza isimfae mtu aliyefika mwisho wa safari ya matibabu.

Huko maabarani PARP si lengo pekee. Majaribio yanaendelea kwa dawa zinazozuia ATR, kimeng'enya kinachoisimamisha seli isigawanyike DNA ikiwa imeharibika, na polimerasi theta, ambayo seli zisizo na BRCA huitegemea sana. Na si kila njia ya ukarabati iliyoharibika inatibiwa kwa kuzuia kimeng'enya kingine. Uvimbe uliopoteza njia ya kusahihisha makosa ya kunakili, aliyoichunguza Modrich, hujaza protini ngeni nyingi kiasi kwamba kinga ya mwili inaweza kuutambua ikiamshwa. Mwaka 2022 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa 12 wa saratani ya puru ya aina hiyo waliopewa dostarlimab, dawa ya kuiamsha kinga hiyo, peke yake, na uvimbe ukatoweka kwa wote 12. Huo ni mlango mwingine, lakini umefunguliwa na ufunguo uleule: kujua ni njia ipi ya ukarabati iliyovunjika kwa mgonjwa huyu hasa.

Ufunguo huo ndio unaonikera ninapofikiria wagonjwa wa huku kwetu. Vidonge vya dadako ni ghali, lakini udhaifu wa BRCA haukuanza kutumiwa na vidonge hivyo. Carboplatin na cisplatin, dawa za platinamu ambazo hospitali zetu za saratani zimezitumia kwa miaka mingi, hufunganisha nyuzi za DNA kwa namna ambayo seli isiyo na BRCA haiwezi kuifungua. Mwanamke wa Kwale mwenye hitilafu hiyo anayepata carboplatin tayari anatibiwa kupitia tundu hilohilo, hata kama hakuna aliyempima. Anachokosa ni kipimo: hakuna aliyeuliza mamake alikufa kwa nini, na mabinti zake hawajui chochote. Utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba kama mmoja kati ya wagonjwa saba wa saratani ya matiti alikuwa amerithi hitilafu kwenye jeni zinazohusiana na ugonjwa huo, nyingi zikiwa za BRCA1 na BRCA2. Anayesema hili ni jambo la Wazungu hajaziona takwimu hizo.

Na hapa, ndugu yangu, narudi kwako mwenyewe, kwa sababu umeuliza kuhusu dadako tu. Muulize kwanza: hitilafu yake ilionekana kwenye damu au kwenye kipande cha uvimbe peke yake? Ikiwa ni kwenye uvimbe tu, na damu ilipimwa ikakutwa haina, basi ilizaliwa humo na haikurithiwa, na ninyi wengine haiwahusu. Ikiwa ipo kwenye damu, imerithiwa, na wewe una uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo, mkiwa baba mmoja mama mmoja. Kaka zako vilevile, maana mwanamume anaweza kuirithisha kwa binti zake bila yeye kuugua. Tena baba anaweza kuwa ndiye aliyeileta, kwa hiyo msiangalie upande wa mama tu mnapohesabu waliougua. Mwanamke aliyerithi hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa kama asilimia 72 wa kupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80, na asilimia 44 wa kupata ya ovari. Hilo si hukumu. Matiti yanaweza kuchunguzwa kila mwaka kwa MRI kuanzia umri mdogo, na wenye BRCA1 wanaomaliza kuzaa hushauriwa kutolewa ovari na mirija kati ya miaka 35 na 40, hatua inayopunguza sana saratani ya ovari, ambayo haina kipimo cha kuaminika cha kuigundua mapema.

Usipime kabla hujazungumza na mtu anayeelewa majibu, kwani maabara nyingine huandika mabadiliko yasiyojulikana maana yake, na hayo humtia mtu wasiwasi bure. Mwombe dadako nakala ya ripoti yake ya jeni, ukurasa wenye jina kamili la hitilafu, si barua ya daktari inayosema tu "BRCA1". Ukienda nayo, maabara itatafuta badiliko hilohilo kwenye damu yako badala ya kusoma jeni nzima. Kipimo hicho ni nafuu zaidi, na jibu lake huwa ndiyo au hapana.